Kuuliza si Ugomvi

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nasi twazidi kusema kwamba kuuliza si ugomvi. Mtoto humwuliza mama yake, mwanafunzi humwuliza mwalimu, msafiri humwuliza mwenyeji njia, na hapana hata mmoja kati yao anayehesabiwa kuwa adui wa yule aliyemwuliza. Lakini mbunge akisimama, akamwelekea waziri na kusema, "Fedha zile zimekwenda wapi?" watu hugawanyika mara moja. Wengine humwita shujaa, wengine humwita mchochezi. Ewe msomaji kijana, nataka tulitafakari jambo hili pamoja bila haraka. Mtu aliyechaguliwa na watu akiihoji serikali, je, afanya wema au afanya ubaya? Na kama afanya wema, ni sharti gani liufanyalo wema huo kuwa wema wa kweli?

Tazama mfano ulio karibu nasi. Zamani, majahazi yalipokuwa mengi katika bandari za Malindi, Mambrui na Takaungu, mwenye chombo aghalabu hakusafiri mwenyewe. Alimkabidhi nahodha chombo, tanga, nanga, mabaharia na shehena, kisha yeye akabaki pwani. Nahodha aliporudi, mwenye chombo alimwuliza: Umeuza nini, na kwa bei gani? Tanga hili lilipasukia wapi? Mbona baharia mmoja hayupo? Nahodha mwaminifu hakukasirika kwa maswali hayo. Alijua kwamba chombo si chake, na kwamba safari haijaisha mpaka hesabu itolewe. Aliyekasirika ni yule aliyekuwa na jambo la kuficha.

Serikali nayo ni nahodha. Chombo ni nchi. Shehena ni kodi, ardhi, maji na usalama wa watu. Na mwenye chombo ni raia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalisema jambo hili katika kifungu chake cha kwanza kabisa, kwamba mamlaka yote ni ya watu. Lakini raia ni mamilioni, wala hawawezi kwenda wote gatini kumpokea nahodha. Kwa hiyo humtuma mmoja wao, naye ndiye mbunge. Anapouliza, haombi hisani wala hatangazi vita. Adai hesabu kwa niaba ya mwenye mali.

Desturi hii ni kongwe. Swali la kwanza linalokumbukwa katika Bunge la Uingereza liliulizwa katika Baraza la Malodi mwaka 1721. Kampuni kubwa ya biashara ilikuwa imeanguka na kuwafilisi watu wengi, na mtunza fedha wake alikuwa amekimbilia ng'ambo. Lodi mmoja akaiuliza serikali kama ni kweli kwamba mtoro yule amekamatwa. Swali lilikuwa fupi, lakini lilibeba kanuni kubwa: kwamba wenye madaraka waweza kutakiwa kusema hadharani yale wanayoyajua.

Kanuni hiyo ilipoletwa kwetu, ililetwa nusu. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza kukutana mwaka 1907, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake mpaka mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Miaka 37 ni muda wa mtu kuzaliwa, kukua, kuoa na kuwazika wazazi wake. Mwaka 1908, baraza lile lingali changa, ilitolewa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa maili kumi alithibitishe dai lake. Na ardhi isiyothibitishwa ikawa mali ya Taji la Uingereza. Wenye hati za maandishi walipata nafasi. Lakini Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilishuhudiwa na makaburi na mashamba na kumbukumbu za wazee, hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wala hawakuwa na mtu wao barazani wa kusimama na kuuliza: "Mtu asiyejua kusoma atapataje habari ya tangazo hili? Na akiikosa habari, je, ni haki apoteze shamba la babu yake?" Hayo ni maswali mawili tu. Hapakuwa na wa kuyauliza kwa niaba yao, na mpaka leo neno maskwota lasikika kutoka Mtwapa hata Magarini.

Asiye na baraza huuliza nje ya baraza. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaamsha watu wake wakatae vijana wao kuchukuliwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya wageni, na wakatae amri za serikali ambayo hawakuichagua. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa mbali, Kisii. Mwaka uliofuata wakatoroka, wakarudi kwao. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikafuata. Siku zile bunduki zilishinda. Lakini angalia tofauti, ewe msomaji: palipo na baraza la haki, swali hujibiwa kwa maneno, pasipo na baraza, swali hujibiwa kwa baruti. Hii ndiyo faida ya kwanza ya bunge. Huyatoa mabishano ya watu na watawala mahali pa silaha, na kuyaweka mahali pa ulimi.

Machi 1957 Waafrika wanane waliingia barazani kwa kura za Waafrika wenzao, jambo ambalo halijapata kuwa. Mmoja wao alikuwa Ronald Ngala, mwalimu wa shule kutoka upande wa Kilifi, ambaye mwaka 1949 alikuwa ametoa kitabu cha Kiswahili juu ya nchi na desturi za Wagiriama. Mwaka 1960 akawa kiongozi wa chama cha KADU, kilichotaka madaraka ya nchi yagawanywe kwa majimbo ili jamii ndogo zisimezwe na zile kubwa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1963 alikuwa Kiongozi wa Upinzani. Swali lake kubwa, tukilieleza kwa maneno yetu, lilikuwa hili: serikali yote ikikaa Nairobi, nani atamsikia mtu wa Ganze? Waliompinga nao walikuwa na swali zito: nchi changa ikikatwa vipande, itasimamaje?

Yote mawili yalikuwa maswali ya haki. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU kilivunjwa, na wabunge wake wakajiunga na KANU. Mwaka 1966 Ngala mwenyewe akawa waziri. Wako waliosema kwamba ametanguliza umoja wa taifa. Wako waliosema kwamba benchi la wenye kuuliza limeachwa tupu. Sidhani kwamba moja la maneno hayo ni uongo. Umoja ni kitu chema, lakini umoja usiovumilia maswali hufanana na nyumba isiyo na dirisha: mwizi haingii, na hewa pia haiingii. Hata hivyo, swali lenyewe halikufa pamoja na chama. Katiba ya mwaka 2010 ilileta ugatuzi, na leo Kaunti ya Kilifi ina bunge lake, ambalo hukutana mjini Malindi na kuwahoji mawaziri wa kaunti kwa niaba ya wadi 35. Twajifunza kwamba swali jema laweza kushindwa kwa kura, likangoja nusu karne, kisha likapata jibu.

Sasa twafika penye fundo. Mbunge hutumwa na watu wa mahali, lakini huketi katika bunge la nchi. Je, akiuliza juu ya kwao, ni mbinafsi? Na akiuliza juu ya nchi nzima, amewasahau waliomtuma?

Chukua mfano wa maji. Kando ya mto Sabaki, mahali paitwapo Baricho, huchotwa maji yanayopelekwa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Tuseme mbunge wa upande ule asimama na kusema: "Maji haya ni yetu, kwa nini wanywe wengine?" Swali hili limezaliwa na kiu, nasi twaijua kiu. Lakini likijibiwa atakavyo, mtu wa Mombasa atakauka koo, na kesho mtu wa bara, ambako mto huo huo watoka, atasema naye: "Maji ni yetu, yasishuke pwani." Mwisho wake hapana atakayekunywa kwa amani.

Sasa tuseme mbunge yule yule auliza hivi: "Ni kanuni gani inayoongoza mgawanyo wa maji haya? Kijiji kilicho karibu na bomba kina fungu gani? Na je, kanuni hiyo yatumika vivyo hivyo katika nchi nzima?" Hapo amewatetea watu wake, tena kwa nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa sababu waziri hawezi kumjibu kwamba ana choyo. Na mbunge wa Turkana au wa Kitui, asiyepata hata kuuona mto Sabaki, aweza kusimama nyuma yake na kusema, "Nami nataka jibu hilo." Basi shika kipimo hiki: swali la mahali huwa swali la taifa pale ambapo haki inayodaiwa yaweza kupewa kila mtu aliye katika hali ile ile. Anayeuliza hivyo hahitaji kuchagua kati ya kwao na nchi yake.

Wako wanaosema kwamba maswali huvunja heshima ya serikali, na kwamba mtu mwenye adabu hunyamaza. Na tuyapime maneno hayo kwa jambo lililotokea. Oktoba 1975 Martin Shikuku alisema bungeni kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa kuthibitisha, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, akasema kwamba jambo lililo wazi halina haja ya kuthibitishwa. Tarehe 15 ya mwezi ule wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa mpaka Desemba 1978. Je, heshima ya serikali iliongezeka? Iliyoongezeka ni hofu, na hofu na heshima ni vitu viwili. Hofu humnyamazisha mtu mbele yako. Heshima humfanya akutaje kwa wema usipokuwapo. Serikali inayowafunga wanaouliza hujinyima masikio yake yenyewe, kwa maana nani tena atathubutu kuiambia kwamba paa lavuja?

Lakini usidhani, kwa sababu hiyo, kwamba kila aulizaye ana haki. Debe tupu halikosi kuvuma. Yuko aulizaye ili asifiwe: sauti yake ni kubwa wakati watu wanasikiliza, na jibu linapotolewa yeye amekwisha toka nje. Yuko aulizaye ili aogopwe: huuliza leo, kesho akapewa kitu gizani, keshokutwa swali lake likapotea. Huyo ameuza mali asiyokuwa nayo, kwani swali lilikuwa la watu. Tena yuko anayewahoji adui zake peke yao. Waziri wa upande wake akikosea, macho yake huona ukungu.

Tazama jinsi swali liwezavyo kuharibiwa au kutengenezwa. Mwaka 2014 serikali ilizindua mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, katika kaunti za Kilifi na Tana River. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000, na matumaini yaliyotangazwa yalikuwa ekari milioni moja. Mwaka 2019 mkandarasi wa kwanza aliondoka kabla ya matumaini yale kutimia. Mbunge mmoja aweza kusimama na kusema: "Je, waziri haoni haya, watu wafa njaa?" Waziri naye atasema kwamba aona haya sana, na habari itaishia hapo. Mwingine atauliza: "Zimelimwa ekari ngapi kati ya zile 10,000? Zimevunwa gunia ngapi, nazo zimekwenda wapi? Kimelipwa kiasi gani, kwa kazi gani? Na nani atakayetoa jibu kazi ikisimama tena?" Hakutukana, wala hakupaza sauti, lakini hapo waziri hana pa kupita ila mlango wa hesabu. Tusi humpa mwenye kosa nafasi ya kukasirika. Swali la hesabu humnyima nafasi hiyo.

Ukitaka kujua kama swali lako ni safi, jiulize wewe mwenyewe kwanza: je, ningeliuliza swali hili hili kama waziri angalikuwa ndugu yangu? Na je, jibu likiwa jema, nitafurahi au nitasikitika? Anayesikitika kwa kusikia kwamba fedha zimetumika vizuri hakuwa akitafuta ukweli. Alikuwa akitafuta kosa.

Aulizwaye naye ana wajibu wake. Kwa katiba ya sasa, mawaziri wa Kenya si wabunge tena; lakini kifungu cha 153 chawataka wafike mbele ya kamati za Bunge wanapoitwa, wajibu maswali juu ya kazi zao. Tena tangu mwaka 2023 wamekuwa wakifika hata katika vikao vya Bunge lenyewe kujibu. Waziri mwema hudhihirika kwa namna anavyojibu. Kusema, "Sijui leo, nitatafuta, nitaleta jibu Alhamisi," ni neno la heshima, mradi Alhamisi ifike na jibu lije. Lakini kusema, "Jambo hilo linashughulikiwa," bila ya kutaja nani, wapi wala lini, ni kumfunika mtu macho kwa kitambaa cha hariri. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana asiyetoa hesabu hana tofauti na aliyeipoteza.

Huenda ukasema, ewe msomaji, kwamba haya ni maneno ya wakubwa, na swali moja likikosa kuulizwa dunia haitaanguka. Nakuomba basi uukumbuke msitu wa Shakahola, katika kaunti hii hii ya Kilifi. Aprili 2023 yalianza kufukuliwa humo makaburi ya watu walioshawishiwa kufunga mpaka kufa, wakiwamo watoto wengi. Na hesabu ya maiti ikapita 400. Ndipo Seneti ilipounda kamati maalumu, maofisa wakaitwa, maswali yakaulizwa kwa ukali na kwa machozi. Ripoti ya kamati ile, iliyotolewa mwaka huo huo, ilionyesha kwamba dalili za hatari zilikuwapo mapema, na kwamba vyombo vya dola havikutenda kama ilivyopasa. Maswali yale yalikuwa mema, lakini yaliulizwa juu ya makaburi. Lau yangaliulizwa mapema, na aliyeulizwa akalazimishwa kujibu, pengine mtoto mmoja, au mia, wangalikuwa darasani leo pamoja nawe. Swali lina wakati wake kama mbegu ilivyo na msimu wake. Aliyeipanda baada ya mvua kupita asishangae kwa kukosa mavuno.

Kosa hilo tusilitupe lote juu ya wabunge. Mbunge ni mdomo, lakini mdomo husema yale ambayo moyo umeyajaza. Kama sisi raia twamsifu kwa fedha anazogawa arusini na matangani, wala hatumwulizi ameuliza nini bungeni, basi atagawa fedha, na maswali atawaachia wengine. Tangu mwaka 1974 Kiswahili kimekuwa lugha ya Bunge la Kenya, na kwa hiyo mama aliye Ganze au Marafa aweza kusikiliza redioni na kufahamu kama mtu wake amesema au amelala. Kifungu cha 119 cha katiba champa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Hizo ni njia. Lakini njia isiyopitwa huota majani.

Nawe, kijana, usingoje mpaka utakapoitwa mheshimiwa. Kuna hazina ya chama cha wanafunzi shuleni kwako, kuna chakula cha bweni, kuna zamu za kazi. Anza hapo. Uliza kwa adabu, na kwa hesabu. Uliza jambo ambalo jibu lake lamfaa hata asiyekuwa rafiki yako. Jibu likija, lisikilize mpaka mwisho. Na likiwa la kweli, likubali hata kama halikupendezi. Siku utakapopewa wewe uwaziri wa jambo lolote, hata kama ni kutunza ufunguo wa ghala, na mdogo wako akaja kukuuliza idadi ya magunia, usimkunjie uso. Fungua mlango, mwonyeshe magunia, nawe uhesabu pamoja naye.